Ashwagandha ya unga, mwezi na nusu baadaye

Jamani hii kitu, unga wa mzizi wa dawa ya asili ya Kihindi ninaokunywa nipate usingizi, inanuka! Niliambiwa jina lenyewe kwa Kisanskriti linahusu harufu ya farasi nikacheka, siku nafungua kopo sikucheka tena. Nilinunua duka moja la Wahindi pale Kisutu, Dar, mama muuzaji akaniambia mwanangu usinywe na maji, chemsha maziwa, weka nusu kijiko cha chai na asali kidogo, unywe kabla ya kulala, na kweli kwa maji haishuki kabisa.

Wiki 2 za kwanza sikuona kitu, nikasema hapa nimeliwa hela. Wiki ya 3 ndo nikaanza kulala moja kwa moja, ile ya kuamka saa 9 usiku kuwaza kodi na bosi ikapungua. Ila stori za nguvu mwilini mi sijaziona, labda wenzangu. Na siku nikiinywa tumbo tupu, lazima livuruge.

Mwenye mimba aachane nayo, na wenye shida ya thairoidi (ile tezi ya shingoni) au ini muulizeni daktari kwanza, si mchezo, hata nchi ya Denmark waliipiga marufuku 2023. Kopo likiisha napumzika kidogo.