Slabu ya tenki kwenye mteremko: ukate au ujaze?

Hili swali haliishi, hasa kwa sie tunaojenga kwenye vilima. Ili slabu (sakafu ya zege ya kuwekea tenki la maji) ikae sawa, ukate udongo upande wa juu au ujaze kifusi upande wa chini?

Kwa hela kukata ni nafuu, sururu, koleo na vibarua wawili tu, na zege linakaa kwenye udongo wa asili kwahiyo halititii ovyo. Ila ukikuta mwamba kama kule Mwanza umekwama, na maji ya mvua yatakufuata hapo ulipochimba, lazima uweke mtaro na kila masika uuzibue.

Kujaza ni ghali, kifusi, mawe ya kuzuia pembeni, usafiri. Faida yake slabu inakaa juu, maji yanapita zake. Lakini jamani kushindilia! Tabaka la sentimita 15, unamwagia maji kidogo, unashindilia, ndo unaweka lingine, mafundi wengi wanajaza yote kwa mpigo halafu tenki la lita 5000 likijaa hizo ni tani 5 za maji peke yake, slabu inapasuka.

Zege ni lile lile 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), limwagilie maji siku 7.

Mteremko mdogo na udongo mgumu, mi ningekata. Kwako maji yanatuama? Jaza, ila simamia mwenyewe kila tabaka.