Bango la kemia ya ubongo: zuri, ila uwe na kalamu nyekundu

Mimi ni muuguzi wa wodi ya kiharusi, mwaka wa 14 sasa. Tangu siku ya kwanza naambiwa nikimbie. Kwa nini nikimbie, nilikuwa najua juujuu tu. Ndiyo maana niliagiza bango hili la ukutani linaloonyesha yanayotokea ndani ya seli za ubongo damu inapokatika, nikalibandika chumba cha wauguzi, pembeni ya sinki.

Mchoraji hakuanzia kwenye damu iliyoganda. Kaanzia kwenye pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu ndani, na hapo kanikamata. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni, na akiba hauna. ATP, yaani molekuli inayoipa seli nishati, ikiisha, pampu inasimama. Sodiamu inajaa ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Glutameti, ambayo kwa kawaida hutoka kidogo kidogo kupeleka ujumbe, inamwagika ovyo. Vibebeo vilivyopaswa kuirudisha ndani navyo vinageuka na kuitoa nje. Glutameti hiyo inafungua milango ya seli jirani, kalsiamu inaingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vinavyoitafuna seli kutoka ndani. Hiyo kalsiamu imepakwa rangi ya chungwa inayowaka. Mwanafunzi mmoja alisimama akiitazama mpaka makabidhiano ya zamu yakampita.

Sasa kasoro. Mshale wa potasiamu umegeuzwa! Unaingia kwenye seli, ilhali pampu ikifa potasiamu hutoka, na huko nje ndiko inakozitibua seli za jirani. Nimeusahihisha mwenyewe.

Kubwa zaidi, eneo lote lililokosa damu limepakwa kijivu kimoja. Si kweli. Katikati seli hufa ndani ya dakika chache, lakini pembezoni damu kidogo bado inapita: seli zimenyamaza, hazijafa, na zinaweza kuvumilia kwa saa kadhaa. Hizo ndizo tunazozikimbilia. Nimekata karatasi ya njano nikaizungushia kama pete.

Madhara ya damu inaporudi, na molekuli haribifu za oksijeni inazozua, yamepewa mstari mmoja wa maandishi ya kusoma kwa miwani.

Nyota tatu kati ya tano. Wachapishaji nimewaandikia kuhusu ule mshale, wiki ya tatu hii, kimya.