Massive Attack au Slint? Bendi mbili, mwaka mmoja

Nikiulizwa ni bendi gani za miaka ya tisini zilizoacha alama, nabaki na mbili, na zote zilitoa albamu mwaka 1991.

Massive Attack wa Bristol, Uingereza, walitoa Blue Lines: midundo ya hip hop iliyopunguzwa kasi, besi nzito ya dub (rege iliyojaa mwangwi), na waimbaji waalikwa kama Shara Nelson na mkongwe wa rege Horace Andy. Hapo ndipo mtindo huo, ulioitwa trip hop, ulipoota mizizi, ingawa wenyewe jina hilo hawakulipenda.

Slint ni habari nyingine kabisa. Vijana wanne wa Louisville, Marekani, na nyimbo sita tu ndani ya albamu yao, Spiderland. Gitaa zinanong'ona, zinanong'ona, kisha zinalipuka. Mwimbaji anasimulia zaidi ya kuimba. Bendi ilivunjika kabla albamu haijatoka, na walioinunua wakati huo walikuwa wachache. Lakini wasikilize Mogwai, bendi ya Uskoti iliyokuja baadaye, utawasikia Slint mle ndani.

Kwa ushawishi, Massive Attack wanashinda, sibishi. Kwa kutothaminiwa? Slint, tena kwa mbali. Na usiku, nikivaa hedifoni, hao ndio ninaoanza nao.