Uzoefu wangu: mafunzo ya kujenga banda la udongo na makuti Bagamoyo, je yanafaa hela yako?

Kwa wanaotaka jibu la haraka: ndiyo, yanafaa, ila yanamfaa zaidi mtu ambaye tayari ana shamba au kiwanja na anajua anataka kusimamisha nini, maana ukienda kuangalia tu utarudi na picha za simu na miguu yenye tope basi. Kikundi chenyewe sikitaji jina kwa sababu nina ya kulalamika pia na sitaki kuwaharibia riziki, ni mafundi wa pwani huko nje kidogo ya Bagamoyo mjini, wazee kwa vijana, wanafundisha kujenga vibanda vidogo kwa miti, fito, udongo, mawe na makuti. Ada ni 180,000 na chakula cha mchana kimo humo, kulala na nauli ni juu yako.

Mimi nilikuwa nataka banda la shamba, chumba kimoja na baraza, mahali pa kupumzika mchana na kulala nikichelewa kurudi Dar. Nilishapigiwa hesabu ya bloku, sementi, mbao na bati, na hata hela ingekuwepo bado nilikuwa naliwaza lile bati la saa nane mchana bila dari, wote tunajua hali inavyokuwa humo ndani. Ndo nikaamua kujifunza kwanza.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba kabla hujaenda wanakuambia uje na udongo wa kwako. Siyo wa juu ule mweusi wenye mizizi, unachimba mpaka uupite huo, kama nusu mita hivi kwenda chini, unajaza kwenye mfuko unakuja nao. Kwahiyo siku ya kwanza pale kila mtu ana mfuko wake, mwingine katoka Mkuranga, mwingine Kibaha, mwingine Kigamboni, na yule mzee mkuu wa mafundi anapita mfuko kwa mfuko anashika, anausugua vidoleni, anaunusa. Akifika kwa mtu wa Kigamboni akamwambia, mwanangu huu ni mchanga mtupu, peke yake hausimami, mvua ya kwanza tu unaondoka, itabidi ununue mfinyanzi uje uchanganye. Yule kaka aliishiwa nguvu kidogo lakini fikiria angeyajua hayo baada ya kujenga.

Kisha mnafundishwa kuupima wenyewe. Unachukua chupa ya kioo, unatia udongo mpaka karibu nusu, unajaza maji na chumvi kidogo, unatikisa sana halafu unaiacha imetulia. Mchanga unashuka chini ndani ya dakika chache, juu yake unakaa ule udongo laini kama vumbi, na mfinyanzi ndo unashuka mwisho kabisa taratibu, unaweza ukalala ukaamka maji bado yana ukungu. Ukitulia unaona matabaka yako na unajua una nini. Wanachotaka wao ni kama robo mfinyanzi na iliyobaki mchanga mchanga, mfinyanzi ukizidi ukuta unapasuka ukikauka, ukipungua ukuta unapukutika ukiugusa. Pia kuna kuufinyanga mkononi uwe kamba ndefu nene kama kidole gumba na kuusogeza taratibu kwenye ukingo wa meza uone unakatika ukifika wapi, na kutengeneza vitofali vidogo vya mchanganyiko tofauti tofauti, unaviandika namba, unaanika, siku zinazofuata unaangalia kipi kimepasuka na kipi kimebaki kizima. Hii nimeona video nyingi sana YouTube ila hakuna iliyonipa kile mkono ulichonipa, maana udongo wa kwenye video siyo udongo wa shambani kwangu.

Upande wa miti walikuwa wawazi na nawasifu kwa hilo. Nyumba za pwani za zamani zimesimama juu ya mikoko, na wazee bado wanaigawa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na kazi yake, na mkandaa unasifika kwa kuwavumilia mchwa. Hata vile vyumba vyembamba virefu vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar upana wake umetokana na urefu wa boriti, mti ulipoishia na chumba kikaishia hapo, karibu mita tatu au pungufu. Lakini mikoko ya bara ni hifadhi ya serikali, hukati bila kibali cha TFS, yaani wakala wa serikali wa misitu, na mikoko ndo inayoshika fukwe zetu zisiliwe na bahari, kwahiyo pale tulitumia mirunda ya mkaratusi iliyopandwa kwa nguzo na fito za vichakani. Shida ya mkaratusi ni mchwa, kwahiyo sehemu inayoingia ardhini inachomwa kwanza moto mpaka iwe nyeusi, na kuta zote zinakaa juu ya msingi wa mawe ulionyanyuka futi moja na nusu. Mzee hakubali msumari kwenye fito, anasema unazipasua na ufa huo ndo mlango wa wadudu. Zinafungwa kwa kamba za kumbi au vipande vya mpira wa tairi ambavyo vina nguvu sana, fito za ndani na za nje, katikati inabaki nafasi ya kupangia mawe.

Kukandika sasa. Udongo umelowekwa tangu jana yake, umetiwa majani makavu yaliyokatwakatwa, mnaingia mnakanyaga mpaka unakuwa kama unga wa chapati ulioiva, haushiki mguu na hauchuruziki. Mmoja anakaa ndani mwingine nje, mnarusha tonge kwa nguvu kwa wakati mmoja ili yakutane katikati kwenye mawe. Ile nguvu ya kurusha ina maana, ukibandika polepole inabaki hewa ndani na kipande kitadondoka. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la udongo, ukikauka unajaa nyufa, watu wengi walishtuka, kumbe nyufa zile zinatakiwa, ndo zinashika mkono wa pili. Na hapa ndo pagumu kwa watu wa mjini, KUSUBIRI. Mkono wa kwanza ukauke kweli kweli mpaka ndani, halafu unamwagia maji kidogo, unatomea nyufa kubwa kwa vijiwe na udongo, unapiga mkono wa pili, unasubiri tena, ndipo unakuja kusiliba kwa mchanga laini, mfinyanzi uliochekechwa na mavi ya ng'ombe yaliyolowekwa. Harufu inaondoka ikishakauka, msiogope, na ukuta unakuwa laini hautoi vumbi na mvua ya upepo haiuli kirahisi.

Nikwambie kitu kuhusu makuti, hii ni elimu ambayo watu wanaidharau sana na mimi imeniuma. Waliotufundisha ni akina mama, na bi mkubwa mmoja ambaye anashona huku anaongea na wewe bila kuangalia mikono yake. Kuna makuti ya kumba, yale ya kusuka jani zima, ambayo zaidi ni ya uzio na vibanda vya muda, na kuna makuti ya viungo ambayo unakunja majani moja moja juu ya kijiti na kuyashona kwa ukindu, haya ndo ya paa. Anakuonyesha umbali wa kubananisha, akiona umeachia nafasi anafumua bila kukugombeza, anakwambia tu rudia mwanangu. Maana paa la makuti linaishi kwa mambo mawili, ubananishaji na mwinuko. Mwinuko nyuzi 45 au zaidi, maji yaondoke haraka makuti yasipate muda wa kuloana, ukiinamisha kama bati umejenga mbolea. Unaezeka kuanzia upenuni kwenda juu kwenye mwamba, ule mti wa kileleni mwa paa, kila safu inaifunika ya chini yake sehemu kubwa, inabaki kama kiganja tu inayoonekana, na upenu uchomoze futi mbili na zaidi uukinge ukuta. Ukifanya hivyo unakaa miaka kadhaa kabla ya kuezeka upya, ukifanya haraka haraka masika ya pili unaweka ndoo ndani. Na jiko likae mbali, au uwe makini sana, makuti yakishika moto huna muda wa kutoa hata godoro.

Sasa lawama zangu. Siku ya chokaa ilinivunja moyo. Walitupeleka kwanza Kaole kwenye magofu, tukaona kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za ule msikiti wa kale unaotajwa kuwa wa karne ya 13, na fundi akaeleza vizuri kabisa kwamba jiwe likichomwa karibu nyuzi 900 linatoa hewa yake linakuwa chokaa kali, likimwagiwa maji linachemka lenyewe, na likishapakwa ukutani linainyonya tena hewa ile pole pole na kurudi kuwa jiwe. Akaeleza pia kwanini lipu ya sementi inaumiza kuta za namna hiyo kama zile za Mji Mkongwe, ukuta wa chokaa unapumua, sementi inaufungia unyevu ndani, chumvi inakusanyika, mawe yanaanza kubanduka. Maelezo safi. Halafu vitendo vyenyewe tukaletewa chokaa ya mfuko iliyokwisha zimwa, yaani imeshamwagiwa maji ikachemka huko ilikotoka, kwa watu wanaouza mafunzo ya vitendo hiyo haitoshi. Hata tanuru dogo la mfano la mawe ya kuchimbwa nchi kavu lingetosha. Na hata hiyo ya mfuko, glavu zilikuwa pea chache na miwani hakuna, dada mmoja alichubuka vidole. Chokaa inakula ngozi na macho jamani, hili lazima warekebishe kabla hawajapokea watu wengine.

Lawama ya pili, tulikuwa wengi mno. Kwenye kukandika kila mtu anapata nafasi, ila kwenye kufunga makombamoyo, ile miti ya kushikilia paa, na kuezeka watu wachache wako juu na wengine wote wako chini shingo zimepinda. Ningelipa zaidi tuwe nusu ya vile. Na tangazo lao linasema mtaondoka banda limekamilika, siyo kweli na haiwezekani, udongo haukauki kwa ratiba ya tangazo, tuliacha kuta za mkono wa kwanza. Walioweza kurudi baadaye kusiliba walikaribishwa bila kulipa tena, na hilo nawashukuru, lakini waliotoka Morogoro na Tanga ilibidi wajitolee nauli mara mbili. Waandike ukweli mapema mtu apange.

Kuna siku jioni kijana mmoja wa mafundi alituhadithia habari za Francis Kéré, yule mbunifu wa Burkina Faso aliyejenga shule ya udongo kijijini kwao Gando na mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Nilimwangalia yule mzee wetu, anakunywa chai yake ametulia, anajua udongo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na mtaani kwake watu wanamwita fundi wa nyumba za maskini. Inaniuma, na sidhani ni haki.

Shambani kwangu banda limesimama na limepita masika yote ya Machi mpaka Mei. Sehemu moja ya ukuta upande wa upepo imelika kidogo chini ya dirisha, nimeisiliba upya mwenyewe asubuhi moja, udongo upo pale pale haununuliwi. Mchana ndani kunatulia, joto la nje linachukua muda mrefu kufika. Gharama yangu kubwa ilikuwa makuti na mirunda na usafiri wake, sementi nilitumia kidogo kwenye msingi tu.

Ukiamua kwenda nenda kati ya Juni na Septemba, kumekauka, kuta zinakubali. Beba nguo za kutupa, glavu zako na miwani yako, na ule mfuko wa udongo usiusahau. Kama kiwanja chako kiko kwenye eneo la mji lililopimwa uliza kwanza halmashauri kuhusu kibali, maana sehemu nyingine hawataki makuti. Na kama shamba lako ni la mchanga kama la yule kaka wa Kigamboni, waulize habari za tofali za kufungamana, zile za udongo na sementi kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, pale hawazifundishi ila watakuelekeza kwa wanaozifanya.