QGIS kwa kupanga kilima cha familia: nyota nne

Nimetumia hii programu ya kuchora ramani kwenye mashini miezi mitatu sasa hapa Bukavu, na juu watu wananiulizaka kama inafaa ao ni kula forfe (data za simu) ya bure, wacha niandike mara moja.

Shida yangu ilikuwa kilima chetu cha Kabare. Papa mukubwa anataka wajukuu wajenge, na kila mmoja anataka chini, karibu na barabara. Mimi nikasema tuchore kwanza, tuone nyumba ziko wapi, migomba wapi, maji ya mvua yanashukia wapi, juu tangu ile mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mwezi wa tano 2023 siwezi tena kuona nyumba imekaa njiani mwa mto nikanyamaza.

Bon, ni ya bure, na ikishaingia kwenye mashini inafanya kazi bila koneksio. Kwa hiyo tu ninaipa nyota mbili kati ya zile nne.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Nilikuwa na pointi za GPS, nikachagua zoni ya ramani (UTM) 36 Kusini kumbe sisi ni 35, nyumba ya papa mukubwa ikaenda kutua Serengeti kule Tanzania, kwa simba. Nikamuonyesha. Akacheka mpaka akakohoa, akauliza huko kalinzi, ile mali mtu anapeleka kwa mwami (chifu) apewe udongo, atamupelekea mwami gani.

Mteremko nao, ukichukua data ya urefu wa ardhi inaitwa SRTM ikiwa bado kwenye digri za latitudo na longitudo, kilima chote kinatoka kama ukuta, lazima uigeuze iwe kwenye mita kwanza. Na kila kipande chake ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo kile kikorongo cha nyuma ya jikoni ya mama mudogo hakionekani kabisa, na njo kinakula udongo kila mvua.

Nyumba nilishusha kwenye Open Buildings ya Google, data ya nyumba ambazo kompyuta imezitambua kwenye picha za satelaiti, ya bure pia. Kila nyumba inakuja na namba ya uhakika, mimi sikuiangalia, nikabeba zote, nikapata paa 61 na nikaanza kutangaza tuko familia 61! Hapana. Lupango moja (uwanja wa familia moja) kwetu iko na nyumba kubwa, jikoni ya kando na kibanda cha mbuzi, ni paa tatu sufuria moja, na kuna "nyumba" moja tulienda kuitafuta tukakuta turubai ya kuanikia muhogo.

Lakini nilipopaka mteremko rangi na kuweka nyumba juu yake, hapo nilikaa kimya. Viwanja vya wazee karibu vyote viko kwenye kijani (mteremko mdogo), pale mgongoni mwa kilima, na nyumba za vijana ziko kwenye nyekundu (mteremko mkali), zimefuata barabara. Nikaimprime kwa A3, nikapeleka. Papa mukubwa akaweka kidole pale baba yake alijenga, akasema, "Hapa tulihama kwa sababu ya maji, mama yenu alikuwa anapanda na bidoni mara tatu kwa siku."

Hiyo hakuna rangi yangu iliisema. Sasa ninachora chemchemi zote upya, na hesabu ya bomba la kupandisha maji imeingia kwenye plani kabla ya kiwanja hata kimoja. Ukitaka kuanza, anzia kwenye maji, usianzie kwenye paa kama mimi.