Tetrakloridi ya seleni ya gramu 25: kemikali nzuri, kizibo dhaifu

Tetrakloridi ya seleni (kiwanja cha seleni na klorini) tuliyoagiza kwa ajili ya maabara ililetwa katika chupa ya kioo cha kahawia, yenye kizibo cha plastiki kilichozungushiwa utepe, na lebo yake ilieleza kuwa imefungwa chini ya argoni, gesi isiyoathiri kemikali. Kwa lebo sina lawama: fomula SeCl4, uzito wa moli gramu 220.77 na alama za sumu vyote vilikuwapo. Kasoro zilikuwa ndani ya chupa, nazo zilikuwa mbili zenye vyanzo tofauti.

Sehemu kubwa ya fuwele ilikuwa na rangi ya krimu inayoelekea manjano, kama inavyotarajiwa. Zile za shingoni, hata hivyo, zilikuwa zimeloa na kushikamana. Kiwanja hiki kikikutana na unyevu kidogo hutoa hidrojeni kloridi pamoja na SeOCl2 (oksikloridi ya seleni), kimiminika kinachounguza katika joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo anayedhani kuwa uloevu ule ni maji tu, akaugusa, ataunguzwa ngozi. Hilo ni kosa la kizibo.

Madoa ya rangi nyekundu ya kahawia yaliyokuwa chini ya chupa ni kosa la mtengenezaji. Klorini kavu inapopitishwa juu ya seleni iliyopashwa moto, kwanza hupatikana Se2Cl2, kimiminika kizito chenye rangi hiyohiyo, na ni klorini inapoendelea kuingia ndipo hugeuka kuwa yabisi lenye rangi hafifu. Kila gramu ya seleni huhitaji takriban gramu 1.8 za klorini. Klorini ikipungua, mabaki ya kimiminika hicho hubaki. Tulithibitisha kwa kutia chembe chache katika maji mengi, ndani ya kabati la kuvutia mvuke: za katikati ziliyeyuka zikaacha maji maangavu yenye asidi, ilhali za chini ziliacha wingu jekundu la seleni.

Kwa bahati nzuri, kusafisha si kazi ngumu kwa mwenye vifaa. Kiwanja hiki hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwenye nyuzijoto 191 hivi, kisha hutuama upya kwenye sehemu baridi ya neli na kuacha nyuma uchafu usiogeuka mvuke. Ni lazima kazi hiyo ifanyike ndani ya mkondo wa klorini, kwa sababu mvuke wake huachana na kuwa SeCl2 na klorini, na klorini ikitoroka utarudi kulekule kwenye wekundu. Baada ya hapo fuwele zetu zilikuwa safi, na zilipochanganywa na SeO2 (dioksidi ya seleni) zilitoa SeOCl2 bila tatizo lolote.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Asiye na neli ya klorini aagize ampuli za kioo zilizozibwa kwa moto, zenye kiasi cha kumaliza kwa mara moja, na azifungulie ndani ya sanduku la glovu, yaani sanduku lililofungwa lisilo na hewa yenye unyevu.