Singo ya Ngamiani baada ya mkorogo: uzoefu wangu wa miezi tisa

Tangu Machi hadi mwezi huu wa Novemba nimesingwa mara tisa, yaani kupakwa singo ya maua na viungo vilivyotwangwa na kusuguliwa mwili, na somo mmoja (mama anayewaandaa maharusi) wa Ngamiani, hapa Tanga, na kila nikirudi nyumbani shoga zangu wananiuliza yale yale: bei gani, inauma, inang'arisha? Nitayajibu yote hapa, na nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililonipoteza. Singo haing'arishi, kama kung'aa kwako ni kuwa mweupe. Utatoka na rangi uliyoingia nayo, ila ngozi laini, imetakasika, na inanukia hadi kesho yake. Anayetafuta weupe asipoteze nauli yake kwenda kule.

Mimi weupe nilishautafuta. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilibaki na madoa ya kahawia kwenye mashavu yote mawili na kidogo kwenye paji la uso. Kazini naenda kwa baiskeli, kutoka Makorora hadi Chumbageni, jua la asubuhi liko usoni na la jioni liko usoni, na madoa yakazidi kukolea. Mei mwaka jana nikauziwa mkorogo, krimu ya kuchubua ya kuchanganywa, kwenye kikopo cheupe cha plastiki: hakina jina, hakina tarehe, hakina hata mstari mmoja wa kueleza kilichomo. Muuzaji alisema ni mchanganyiko wake mwenyewe, wa kuondoa madoa tu. Wiki ya tatu uso wote ulikuwa umefunguka. "Umetakata!" kila mtu ananiambia, na kwetu hiyo ni sifa. Niliipenda, sitaficha.

Mwezi wa tano wa kujipaka mambo yakageuka. Nikaanza kuona vimishipa vyekundu chini ya macho. Vipele vyenye usaha vikatoka kidevuni, na vinyweleo vikaota mashavuni ambavyo sikuwahi kuwa navyo. Viungo vya vidole, nilikokuwa nafutia krimu iliyobaki baada ya kujipaka, vikawa vyeusi kuliko mkono wenyewe. Jua la saa mbili asubuhi, ambalo zamani nililipita bila kulifikiria, likawa linaniunguza kama mvuke wa chungu. Nikaacha kupaka. Siku ya tatu uso uliwaka, ukavimba, ukawa mwekundu, nikashindwa kulala. Nikarudia kupaka, ukatulia. Dada zangu, hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilielewa kwamba kikopo kile ndicho kinachonitawala.

Nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Alinitazama uso, akaomba aone vidole, kisha akaomba aone kikopo. Alisema bila maabara hawezi kuapa kilichomo ndani, lakini dalili za uso ni za steroidi kali. Dawa hiyo ina kazi yake halali hospitalini, kwa pumu ya ngozi kwa mfano, kwa muda mfupi na chini ya uangalizi. Ukiipaka usoni miezi na miezi inaipunguza ngozi unene, ndiyo maana mishipa inaonekana na jua linapenya, na ukiikatisha ghafla ngozi inalipuka. Kuhusu vidole alihisi haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibluu ambao kuuondoa ni kazi kubwa. Cha tatu alichokitaja ni zebaki. Hiyo inapenya ngozini hadi kwenye damu na kuumiza figo, na kwa mama anayenyonyesha inaweza kupita kwenye maziwa. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Siku zile mbili za kusubiri majibu ya mkojo sitazisahau. Namshukuru Mungu figo zilikuwa salama.

Vipodozi vyenye vitu hivi vimepigwa marufuku nchini kwetu, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini mkorogo wa kikopo kisicho na jina utaukagua vipi? Hakuna cha kusoma. Siku hizi kama chombo hakina orodha ya viambato, sikishiki hata nikipewa bure.

Daktari hakuniachisha siku moja. Alinipa krimu dhaifu zaidi, nikaipaka kila siku, kisha siku moja moja, kisha mara mbili kwa wiki, hadi Januari nikawa sipaki kitu ila mafuta mazito ya mgando usiku na losheni ya kukinga jua mchana. Madoa yenyewe alisema yanatokana na homoni za ujauzito zikikutana na jua. Baadhi ya wanawake huyapata pia kwa vidonge vya uzazi wa mpango. Yanafifia polepole, na siku chache za jua bila kinga zinatosha kuyarudisha. Losheni iwe na kinga (SPF) ya 30 au zaidi, na kipimo chake kwa uso na shingo ni mistari miwili, kila mmoja wa urefu wa kidole kizima, si kile kidoti tunachopaka wengi wetu. Ukiwa nje, unarudia kila baada ya saa mbili. Kama utapata ile yenye rangi ya ngozi, kwa madoa ya aina hii ni bora zaidi. Kwa wanaodhani kinga ya jua ni mambo ya watu weupe: pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, losheni ya ndugu zetu wenye ualbino. Utaalamu huu upo hapa hapa nchini.

Nilimuuliza kama naweza kusinga. Akasema mwili sawa, uso bado, nisubiri hadi ngozi iache kuwaka. Ndipo Machi nikaenda Ngamiani.

Somo huyu ni mama mtu mzima, kazi aliachiwa na mama yake. Wateja wake wengi ni maharusi, lakini anapokea yeyote. Nilimwamkia, akaniitikia, na kabla ya bei akanitazama uso na kuuliza, "Mwanangu, huu ulipaka nini?" Nikamweleza. Akasema, "Basi uso siugusi mpaka mwenyewe uniambie daktari kakuruhusu. Mwili nitaufanya." Nilishukuru sana, maana nilishajiandaa kubishana naye.

Alichukua kipande cha liwa, mti wenye harufu nzuri, na msio, jiwe la kusugulia, akarashia marashi kidogo na kuanza kusugua kwa mzunguko. Liwa inayotoka ni kama uji mzito wa rangi ya kahawia hafifu, na harufu yake inajaza ukumbi. Pembeni alikuwa na singo yenyewe, imeshatwangwa: mawaridi makavu, asumini, mrehani, kilua, manjano, na karafuu kidogo sana. Kila somo ana mchanganyiko wake, na wa kwake hauzidishi karafuu kwa sababu karafuu inachoma. Akachanganya vyote na uto wa nazi alioupika mwenyewe, wa nazi za Pangani. Kabla ya kuanza alinipaka kidogo ndani ya kiwiko, nikarudi nyumbani. Ndiyo, nilirudishwa! "Njoo keshokutwa, kama hakuna muwasho tutafanya." Wengi hawafanyi hivyo, na naomba mlidai hata kama mnasingwa na shangazi yenu, maana asili haimaanishi kwamba ngozi haitaikataa.

Siku yenyewe unalala juu ya mkeka, umejifunga kanga kuukuu. Anakupaka singo kuanzia miguuni, anaiacha ikauke nusu, kisha anaanza kusinga kwa viganja, akielekea juu kila wakati. Singo inaanza kudondoka kama chembe za mkate, na pamoja nayo inatoka nongo. Niliona aibu, kwa sababu najiogesha vizuri kila siku. Akanituliza, akisema hiyo ni ngozi kavu iliyokufa, kila mtu anayo. Magoti na visigino alivifanya mara mbili. Haiumi. Kuna sehemu inasisimua, hasa mgongoni, na mimi nilisinzia. Baadaye unaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye majani ya mrehani, unamwagiwa kwa kata, na mwili ukiwa bado na unyevu unapakwa uto wa nazi kidogo. Hapo kwenye unyevu ndipo penye siri ya kazi yote: mafuta hayaongezi maji ngozini, yanayafungia yaliyopo. Ukiyapaka mwili umeshakauka, unapaka juu ya ukavu.

Matokeo? Vipele vidogo vya nyuma ya mikono, vile vinavyokwaruza kama ngozi ya kuku, vimelainika kabisa kufikia mara ya tatu. Visigino havipasuki tena. Weusi wa vidole umebaki, na somo mwenyewe aliniambia wazi singo haitautoa. Uso alianza kuugusa Juni, kwa liwa tupu na marashi, bila karafuu wala manjano, na bila kusugua: anapaka, inakauka, anaosha. Unapoa. Madoa yamefifia kiasi, ila hapo sifa naigawa kwa losheni ya jua na mtandio mpana ninaovaa kwenye baiskeli. Sitaki mtu aende kwa somo akidhani liwa inatibu madoa ya mimba.

Sasa yaliyonikera. Kwanza ni muda: niliambiwa saa moja na nusu, ikawa saa tatu, kwa sababu bibi harusi aliingia katikati na mimi nikasubiri na singo mwilini. Pili, manjano hayatoki kwenye nguo. Nimeharibu kanga moja na shuka moja, kwa hiyo nenda na kanga usiyoijali. Tatu ni udi. Mwisho wa shughuli unafukizwa kwa chetezo, chumba kimefungwa, na mimi kifua changu hakipendi moshi. Mara ya pili nilimwomba aache, akanielewa. Mwenye pumu aseme mapema.

La nne ni kubwa kuliko yote. Alitaka kunipaka ndimu kwapani kuondoa weusi. Nilikataa, na nyinyi mkatae. Maji ya ndimu yakibaki ngozini ukatoka juani, ngozi inaungua, inaweza kutoa malengelenge na kuacha doa jeusi la wiki nyingi, na kwapani ukiwa umenyoa inachoma tu. Weusi wa kwapani mara nyingi ni wembe, msuguano na manukato. Nilimweleza nilivyoelezwa mimi na daktari, akanisikiliza kwa heshima, na tangu hapo kwangu hajaitoa tena ndimu.

Na kwa sababu nimeulizwa kwa kunong'onezwa: hapana, hasingi sehemu za siri, wala hauzi vitu vya kuweka ndani. Nje ni maji matupu, ndani hapaguswi, panajisafisha penyewe. Wanaouza vya kubana na vya kunukisha wapo mjini, na muwasho na fangasi tunarudi navyo sisi wenyewe. Ukiona uchafu umebadilika rangi au harufu, nenda zahanati.

Shangazi yangu alishangaa kwa nini nisiende tu kuoga kwenye maji ya moto ya Galanos, kule Amboni, kama walivyofanya wao. Nilikwenda mara moja. Maji yale yana salfa, unaisikia harufu kabla hujafika, na salfa kweli ni dawa ya zamani ya upele na chunusi. Lakini inakausha, na ngozi yangu wakati ule haikuhitaji kukaushwa zaidi. Mwenye ngozi ya mafuta huenda akaona tofauti.

Uto wa nazi wa somo nilinunua chupa ya nusu lita, kwa mwili tu. Usoni ulinisababishia chunusi ndani ya siku nne, na si mimi peke yangu, kwa wengi unaziba vitundu vya ngozi.

Bei: mwili mzima shilingi 25,000, pamoja na uso 30,000, na uto nusu lita 8,000. Si kidogo, lakini kikopo changu cha mkorogo kilikuwa 12,000 kila baada ya wiki tatu, na matibabu yake sijayajumlisha mpaka leo. Usiende umenyoa siku hiyo, usiende na kidonda, na ukiwa bado unatumia krimu ya kuchubua, muone daktari kwanza.

Wiki iliyopita nilimuuliza kuhusu Desemba, kaskazi ikianza kuvuma na joto la Tanga likipanda. Mwaka jana mgongo wangu ulijaa harara chini ya buibui. Akasema mafuta tutayaacha kabisa mgongoni na kifuani, yasizuie jasho kutoka, atapaka liwa na marashi peke yake, na nivae pamba ndani. Nimeshamwekea tarehe, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi mapema kabla maharusi hawajafika.